Saa ya Jirani Mkononi Mwangu

Chumba pekee chenye mwanga mzuri nyumbani kwangu ni kile alichofia mke wangu. Kwa muda mrefu nilikifunga, nikawa napita mlangoni pake taratibu kama mtu anayempita mbwa aliyelala. Lakini jengo la mjini nilikokuwa na kibanda changu cha ufundi wa saa lilivunjwa, na macho yangu yalikuwa yamechoka kufanya kazi kwa taa. Ikabidi nikifungue. Kitanda nikampa shemeji yangu. Kapeti nikaikunja, maana skrubu ya saa ikiangukia kwenye kapeti, basi umeiaga.

Seremala mmoja wa hapa mtaani kwetu Kibuli aliirefusha meza yangu ya zamani mpaka ikanifika kifuani nikiwa nimekaa, ili nisipinde mgongo. Kwenye ukingo wake nikapigilia kitambaa cheupe cha kudaka vinavyodondoka. Barabara yetu ni ya udongo mwekundu, na kila pikipiki ikipita vumbi huingia. Kwa hiyo asubuhi nililowesha sakafu, na kila saa niliyoifungua niliifunika kwa glasi ya kunywea maji, nikiipindua juu yake.

Binti yangu alipiga simu akauliza naweka vitu vyangu chumba gani. Nilimwambia. Akauliza kama bado humsikia mama yake akikohoa. Nikamwambia saa nazo zina kelele zake.

Mteja wa kwanza alikuwa jirani, mke wa askari polisi. Mumewe alikuwa amekufa kwa ajali kwenye barabara ya kaskazini, walikotoka, na saa yake ilikuwa imerudishwa ikiwa imesimama. Niliwafahamu kwa salamu tu. Mimi ni mtoto wa kambini, baba yangu alikuwa mwanajeshi, na huku kwetu Kiswahili ndiyo lugha ya jeshi na polisi, kwa hiyo tulikizungumza. Aliiweka mezani ikiwa ndani ya leso, akaniomba niifanye itembee. Hakukaa. Alisema mama mkwe wake yuko peke yake, haoni, na hapendi kuachwa.

Nilipofungua mfuniko nilikuta kutu na mchanga. Hilo nililitarajia. Lililonisumbua ni uchafu uliojikusanya kwenye maungio ya mkanda: jasho la miaka mingi, ngozi ya mtu, weusi mlaini kama ule wa chini ya kucha. Nilichukua brashi na sabuni, kisha mkono ukakataa. Nilimwosha mke wangu mwenyewe, katika chumba kilekile, na sikusita vile. Mwishowe nikausafisha, na yale maji nikayamwaga shambani, mbali na njia.

Saa ile haikuwa ya betri wala ya kutiwa ufunguo. Ndani yake kuna chuma kizito kinachozunguka kila mkono unapotembea, na huko kuzunguka ndiko kunakoijaza nguvu. Ukiiacha mezani inakufa. Ili kujua kama imepona, lazima mtu aivae. Basi nikaivaa.

Nilikuwa nimevaa saa za wateja maisha yangu yote, zikiwemo za marehemu. Hii ilinilemea. Mkono ukawa unatangulia mbele yangu, nami naufuata. Nilipokwenda stendi ya boda boda, kijana aliyekuwa akimbeba marehemu kila siku alinyoosha mkono kunisalimu, akaiona saa. Aliwasha pikipiki akaondoka bila kunibeba.

Nilipoona inatembea bila kuchelewa, nilimpelekea mjane, ikiwa bado mkononi mwangu. Yule mama mzee alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Nilipoinama kumwamkia alinishika kiganja, vidole vyake vikapanda mpaka kwenye kifundo, vikaikuta saa. Akaipapasa kioo, kisha mkanda, pingili moja baada ya nyingine.

“Wewe umechelewa,” akasema.

Nilimtazama mkwewe. Alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, na kwa kichwa akaniomba nijibu.

“Ndiyo, mama,” nikasema. “Barabara ilikuwa mbaya.”

Hakuniachia mpaka chai ikapoa. Nilipotaka kuivua saa, mjane akanisindikiza nje, akanisihi niendelee kukaa nayo, na nije tena Jumapili. Alisema tangu msiba mama hajashika mkono wa mtu namna ile.

Nilikwenda, Jumapili baada ya Jumapili. Nilijibu nilichoulizwa: nimekula, kazi ni nzuri, sijambo. Nikirudi mezani kwangu sauti ya kikohozi cha mke wangu haikuwepo tena, na badala yake nilijikuta nikiitikia “ndiyo, mama” chumbani peke yangu. Nikaanza kuogopa kwamba siku nikiivua nitakuwa namuua mtu mara ya pili.

Jumapili moja mjane alikuwa jikoni. Mama mzee akanivuta karibu.

“Mimi najua wewe si mtoto yangu,” akasema. “Mkono ya mtoto yangu ilikuwa baridi, hata jua likiwaka. Yako iko moto.”

Nikamwomba radhi.

“Hapana. Wewe ulileta saa yake ikiwa inatembea. Hiyo ilinitosha. Sasa nipe.”

Niliivua nikamvalisha. Mkono wake ulikuwa mwembamba, ikateleza mpaka karibu na kiwiko. Palepale nilipunguza pingili za mkanda kwa bisibisi niliyokuwa nayo mfukoni, naye akakaa kimya kama mtoto anayenyolewa.

Baadaye walirudi kaskazini wote wawili. Mjane alinipigia simu akasema saa ilikuwa ikisimama mara kwa mara, maana mama siku hizi hatembei na mkono wake hautikisiki. Nikamweleza kwamba saa haina ugonjwa, inataka mwendo tu. Akasema wameshalijua hilo. Kila anayekuja kumsalimu mama, kabla hajapewa hata maji, huvalishwa saa, huambiwa atembee nayo mpaka kisimani na kurudi.