Gramafoni ya Sebuleni

Juzi mjukuu wangu alinipeleka kuchagua spika za sebuleni, zile ndefu za kusimama sakafuni. Muuzaji alipozifungulia, kifua kilinitetemeka, nikakumbuka duka moja la Tabora, enzi za Mwingereza, nimeshika kanga ya mama.

Duka lilinuka nta na mafuta ya taa. Baba, aliyekuwa seremala, alitaka gramafoni ya kuweka sebuleni, tuisikilize sote. Zilikuwa tatu. Muuzaji alianza na ndogo, akaweka santuri, taarabu ikalia. Baba akamtazama mama. Mama akatikisa kichwa kukataa. Ya pili, hivyo hivyo. Nilikasirika, nikaona mama anaringa. Hata nyumbani siku zile nilikuwa namwita haitiki, nikadhani amenichoka. Sasa najua kwamba homa iliyomlaza masika yote iliondoka na masikio yake.

"Tujaribu ile kubwa," baba alisema.

Ilikuwa na pembe pana kama ua la boga. Baba alimsogeza mama mpaka uso wake ukakaribia pembe. Sauti ilijaa duka, wapita njia wakasimama mlangoni. Baba hakubandua macho usoni pa mama. Wimbo ukaisha, muuzaji akainua sindano, pakawa kimya.

Ndipo mama akatabasamu, akaanza kuyumba taratibu.

"Hii, Baba Zena," alisema. "Hii naisikia. Anaimba vizuri sana."

Nikacheka, nikamwambia baba wimbo umeshakwisha. Baba alimwambia muuzaji atufungie hiyo hiyo.