Siku Niliyoganda Mbele ya Shangazi

Kosa langu la kwanza katika masomo ya mtandaoni lilikuwa kuamini kwamba jibu lenye dosari linaaibisha kuliko kukaa kimya.

Korona ilipotufungia chuo nilikuwa mwaka wa pili wa uuguzi. Nikarudi nyumbani Makere, na mwalimu wetu akatangaza kwamba vipindi vitaendelea kwa video, kwenye simu. Wenzangu walilalamika sana. "Kusomea uuguzi kwenye simu ni kama kula ugali kwa picha," aliandika rafiki yangu wa Kibondo kwenye kundi letu, tukacheka. Mimi nilicheka na hofu yangu. Darasani nilizoea kujificha nyuma ya jamaa mmoja mrefu. Kwenye simu kila mtu ana kisanduku chake.

Basi nikajifundisha kuganda. Hakuna aliyenielekeza. Nilisimama mbele ya kioo nikatafuta sura ya mtu aliyekatikiwa na mtandao: jicho moja limefumba nusu, mdomo umekaa upande, kama neno limenasa kwenye meno. Nikiulizwa swali nisilo na hakika nalo, naganda, mpaka mwalimu aseme, "Huyu mtandao wake mbovu, tuendelee." Naona haya kusema, lakini nilijivunia.

Kisha yakaja maswali ya mdomo. Atakayeshindwa hatapelekwa wodini chuo kikifunguliwa. Atarudia somo pamoja na wadogo zetu wa mwaka wa kwanza. Asubuhi ya zamu yangu nikakaa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, ambako mtandao ulishika.

"Nitajie dalili za kiharusi," mwalimu akasema.

Nilizijua zote isipokuwa moja. Hiyo moja ikanifunga mdomo. Nikaganda.

Mara shangazi yangu akatokea na kapu la muhogo. Akalitua, akainama kidogo, akapiga makofi taratibu kama tunavyosalimiana sisi Waha.

"Mwakeye!"

Kwetu salamu ya mkubwa haiachwi hewani. Asiyeitikia ama amegombana na ukoo, ama ni mgonjwa. Na mimi sikuwa nimegombana na mtu.

"Mwakeye, mwanangu!" Akazunguka, akanichungulia usoni. "Yesu wangu! Mtoto kapinda mdomo! Jamani, njooni!"

"Mwalimu, mtandao wake umekata," rafiki yangu wa Kibondo akanitetea.

"Umekata, mbona huyo mama anatembea?" mwalimu akauliza, na nikajua nimekwisha. "Haya, darasa, mgonjwa huyo hapo. Mama, wewe uwe mikono yetu. Tuanze na nini?"

Sijawahi kuona wenzangu wakiyapenda masomo ya mtandaoni kiasi kile.

"Atabasamu!"

"Anyanyue mikono yote miwili!"

"Aseme jina lake!"

Shangazi akanyanyua mikono yangu kwa pupa. Mimi, kwa ujinga wangu, nikaiachia ianguke.

"Mbinye pua, mama," akasema wa Kibondo. Hiyo haimo kwenye kitabu chochote. Shangazi akabinya kwa nguvu zote za mtu anayelima.

"Mwakeye, shangazi!" nikafoka.

Simu ilipasuka kwa vicheko. Shangazi hakucheka. "Kumbe mzima? Unanitia kiwewe asubuhi yote hii, mjinga wewe!" Kofi lake la mgongoni lilisikika mpaka Kibondo, nilithibitishiwa baadaye.

"Mtandao umerudi," mwalimu akasema. "Jibu sasa."

Nikataja: uso kupinda, mkono kulegea, maneno kutoeleweka, kupoteza mwelekeo. "Imebaki moja, mwalimu. Siijui."

"Kupoteza uwezo wa kuona ghafla. Lakini mimi nilitaka tatu tu. Wodini utakwenda. Kwanza muombe shangazi yako radhi, na sisi tusikie."

Nikaomba, kwa Kiha, darasa zima likisikiliza.

Leo mimi ni muuguzi katika zahanati moja huko Kibondo. Mgonjwa akiniuliza nisilolijua, namwambia sijui, kisha naenda kumuuliza anayejua.