Kozi Aliyekunja Mabawa

Shangazi yangu alichora picha za vitabu vya shule kwa miaka ishirini na sita, na hakuwahi kuchora kiumbe asiyemjua. Kwa ajili ya kozi peke yake, yule ndege mwindaji, alishinda Jumamosi nyingi juu ya paa la ofisi ya wachapishaji wake, karibu na tangi la maji, akimtazama akishuka kutoka mnara wa simu. Siku moja akaokota kozi aliyekufa, akamleta nyumbani, akamhesabu manyoya makubwa ya ncha ya bawa: kumi. Mimi nilipika nimeziba pua.

Basi akamchora akishuka, kichwa chini, mabawa kayakunja. Mhariri hakupendezwa.

"Mama, huyu mbona kama anaanguka? Mtandaze mabawa. Na chini tuandike 'ndege' tu, inatosha."

"Akitandaza, anaelea. Huyu anawinda. Na ana jina lake, mwanangu, kama wewe ulivyo na lako."

"Wachoraji wapo tele. Utalala njaa."

"Kozi mwana mandanda," shangazi akasema, huku akikusanya penseli zake kuacha kazi, "kulala na njaa kupenda."

Nilikasirika, sifichi. Mshahara ule ndio uliotulisha.

"Shangazi, si ungeyatandaza tu yaishe? Nani angejua?"

"Mtoto akimwona kozi anashuka kweli, atadhani kitabu ndicho sahihi na kozi kakosea. Hilo silifanyi."

Kitabu kikatoka. Ukurasa wa arobaini, ndege katandaza mabawa kama shati kwenye kamba. Sisi tukawa tunakunywa chai kavu asubuhi na jioni.

Nyumba yetu inatazamana na ofisi ile. Shangazi akatoa rangi zake zilizobaki, akaegemeza ngazi ukutani, mimi nikaishika nikinung'unika siku tatu. Alipomaliza, kozi alijaa ukuta mzima, mabawa kayakunja, akishuka moja kwa moja kuelekea dirisha la mhariri. Chini yake, kwa herufi kubwa: KOZI.

Mhariri akamtuma tarishi kusema picha ifutwe.

"Mwambie ukuta ni wangu," shangazi akajibu. "Kama ana shaka na mabawa, apande paani akaangalie."

Hakupanda. Wiki iliyofuata tulimwona kwa dirisha akisukuma meza yake, akaigeuza, akakaa ametugeuzia mgongo. Shangazi alicheka mpaka akaketi sakafuni. Kabatini hakukuwa na kitu, na jioni ile nilikunywa chai yangu kavu kwa kupenda.