Nilivyomfisha Kadhi kwa Kadi ya Kompyuta

Nitaanza na aibu yenyewe, maana nikiizunguka mtadhani ipo njia ya kunitetea, na haipo. Mimi, mtu wa miaka hamsini na mbili, mtunza stoo wa shule, katibu wa kamati ya msikiti, mtu ambaye hata misumari yake imo kwenye mikebe iliyoandikwa majina, nilimfisha kadhi wetu akiwa hai na siha yake, nikamwitia na watu wa kumzika. Nilifanya hayo kwa ujumbe mmoja, na bisibisi nikiwa nimeishika mkononi.

Laptopu ilikuwa ya binti yangu, Mwanakombo. Ni ile aina nene, nzito kama tofali, waliyotengenezewa watu wa magemu miaka mingi nyuma. Mwanakombo hachezi gemu. Yeye huchora nyumba, na si kuchora kwa mistari tu, bali nyumba ambayo mtazamaji anaingia mlangoni na kutembea chumba hadi chumba, na kazi hiyo inataka kadi ya picha yenye nguvu (kadi ni kile kibao kidogo ndani ya mashine kinachopiga hesabu za picha yote kabla haijafika kwenye kioo, nilijifunza habari zake peke yangu, kwa vitabu na kwa kuharibu redio za watu).

Kadi ilianza kuumwa wakati wa joto la kaskazi. Kwanza ilikuja michirizi ya waridi na kijani, kama leso iliyotandazwa juu ya picha, halafu vijumba vidogo vya rangi vikawa vinateremka polepole kutoka paani mpaka sakafuni. Nakiri kwamba nilikuwa nakaa nikivitazama. Ulikuwa ugonjwa, lakini ulikuwa na uzuri wake: nyumba ya mwanangu ikiyeyuka katika rangi ambazo hakuna aliyezichagua, na feni ikivuma kama mvua iliyo mbali, na mimi nimeshika kikombe cha chai kilichopoa, sijui nimekaa dakika kumi au saa nzima.

Sasa, Alhamisi ile, saa kumi alasiri, ndiyo ilikuwa mwisho wa kupokelewa kazi katika ofisi moja ya wachoraji majengo kule Diani. Walikuwa wakitafuta mtu mmoja tu. Mwanakombo alikuwa na miaka mitatu akipiga pasi mashuka ya hoteli, na nyumba yake ilikuwa imekamilika, imebaki mashine igeuze michoro kuwa picha ya kutembea, kazi ya saa nzima kwa mashine nzima. Asubuhi, kabla hajaenda kazini, nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilikuwa nimekwisha agiza kadi nyingine ya mtumba kutoka Mombasa, imekuja ndani ya mkebe wa biskuti, imefungwa pamba kama yai. Ile ya zamani ningeijaribu mara ya mwisho, ikikataa ningeitoa na kuweka hii.

Nilianza saa mbili. Nilichora umbo la laptopu kwenye karatasi, na kila skrubu niliyoitoa nikaiweka juu ya mahali pake kwenye mchoro. Nikasafisha, nikapaka grisi mpya ya kupoza, nikawasha. Kioo kilibaki cheusi. Nikaigeuza kadi kwenye mwanga wa dirisha, nikaona doa la kahawia pembeni, dogo kama punje ya mtama. Hapo nikajua.

Nilitaka kumwarifu Mwanakombo, na kupitia kwake mama yake aliyekuwa safarini, na hapa ndipo lilipo kosa. Vidole vyangu vilikuwa na grisi. Ningeweza kuviosha (bomba liko hatua sita kutoka mezani, nimezihesabu baadaye, kwa uchungu). Badala yake nikaona niisemeshe simu, iandike yenyewe. Nikaigusa kwa kiwiko, nikainama, nikasema kwa sauti ya kueleweka: kadi imekufa, mweleze mama taratibu, njoo nyumbani saa sita, kila kitu kitakuwa tayari. Nikatuma kwa kiwiko kile kile. Kisha nikainyamazisha simu na kuitia kwenye droo, kwa sababu simu ikilia mtu husahau hesabu ya skrubu.

Simu ile, kwa akili zake, iliona kwamba mtu wa pwani hawezi kusema kadi imekufa. Ikaandika: Kadhi amekufa. Na kiwiko changu hakikuwa kimefungua mazungumzo ya Mwanakombo. Kilikuwa kwenye kikundi cha kamati ya msikiti, ambako asubuhi hiyo nilikuwa nimetoa taarifa ya tangi la maji.

Kadhi mwenyewe (ni mstaafu, lakini kwetu hana jina lingine) alikuwa kisiwani Funzi tangu Jumanne, kwa ndugu zake, na simu yake ilikuwa imezimika kwa kukosa chaji. Kila aliyempigia hakumpata, akathibitisha. Mzee Hamisi, mwenyekiti wetu, aliniambia baadaye kwamba kilichomwuma zaidi ni lile neno "amekufa", kwa kuwa mimi kila siku huandika "amefariki dunia", basi akajua katibu amevunjika moyo kiasi cha kusahau adabu.

Saa tano na nusu nilikuwa nimeishika kadi mpya kwa kingo zake, niko tayari kuipachika, nikasikia hodi. Alikuwa Mzee Hamisi na wazee wengine wawili, wamevaa kanzu. Mgeni haachwi mlangoni. Nikaiweka kadi chini, nikanawa (sasa ndiyo nikanawa), nikawatolea viti barazani, nikawaamkia mmoja mmoja. Wakaitikia chini chini. Wakaniambia poleni. Nikasema tumeshapoa.

Lazima mnielewe: kwa wiki tatu nilikuwa nimewachosha watu hawa kwa habari za laptopu ya Mwanakombo. Kila baada ya swala mtu aliniuliza inaendeleaje. Kwa hiyo walipokuja nilidhani habari imewafikia kupitia kwake, na nikaguswa. Wakaja wengine. Wakaja wanawake, wamejitanda leso, wakapita uani bila kusema. Bi Mishi, jirani yangu, akaingia na sufuria la wali limefunikwa kitambaa. Mwanga wa saa sita ulikuwa mweupe, kanzu nyeupe, mchanga wa uani mweupe, na hakuna aliyepaza sauti. Nilikaa katikati yao kama mtu anayeota ndoto nzuri, nikiwaza kwamba sikujua kijijini kwetu Bongwe kuna watu wanaompenda binti yangu kiasi hiki. Kila nikitaka kuinuka niende kwenye kadi yangu, anakuja mwingine, na salamu zetu mnazijua, haziishi kwa neno moja: nyumbani, watoto, afya, mvua. Saa saba ikapita. Mzee Hamisi akanisogelea.

"Ilikuwaje, katibu?"

"Joto tu, mzee wangu," nikamwambia. "Joto la mwezi huu."

"Joto."

"Feni ilivuma usiku na mchana. Haikufaa kitu."

Akatikisa kichwa. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama inavyotakiwa:

"Na mwili uko wapi?"

Hakuna kilichonishtua katika swali hilo. Laptopu ina mwili.

"Uko ndani, juu ya meza. Nimeuacha wazi upate hewa."

"Umeoshwa?"

"Nimeusafisha mwenyewe, kwa spiriti na mswaki."

Nami, kwa kuwa napenda kueleza jambo likaeleweka, nikaendelea kumwambia kwamba si vyote vilivyoharibika, kuna vipande bado ni vizima, na Jumamosi ningevipeleka kwa fundi wa Ukunda, ana wateja wengi wanaovingojea.

"Astaghfirullah," akasema Mzee Hamisi, akainuka na kuvuta kiti chake nyuma.

Wenzake wakainuka naye. Wakaingia ndani kwa pamoja, wamejikaza kama watu watakaoona jambo la kutisha, na walichokiona mezani ni laptopu imefumuliwa, na skrubu zimepangwa juu ya karatasi. Mmoja akachungulia chini ya meza. Wakati huo huo Mwanakombo akafika mbio kutoka kazini, analia. Alikuwa amepata habari kituo cha matatu kwamba kadhi amefia nyumbani kwetu.

Nikatoa simu kwenye droo. Sitawaeleza nilivyojisikia nilipousoma ujumbe ule. Niliusoma mara tatu, kama kwamba mara ya nne ungebadilika. Nikamwonyesha Mzee Hamisi, nikamwambia nilisema kadi, akaniuliza kadi gani, nikamwonyesha ile yenye doa. Akaitazama. Akaniambia, taratibu sana, kwamba vijana wameshaanza kuchimba.

Kisha nikamkumbuka Mama, mke wa kadhi. Sisi sote tunamwita Mama, na mimi nilikuwa nimeandika aelezwe taratibu. Lakini hapa Mwenyezi Mungu alinisitiri, kwa sababu mabibi watatu waliotumwa kwake walikuwa wameushika ujumbe wangu neno kwa neno. Walimweleza taratibu. Walikuwa na saa tatu nyumbani kwake, wamemaliza habari za kuku, wamemaliza habari za mahindi, wako kwenye habari za wajukuu, na bado hawajalifikia jambo lenyewe. Mama alikuwa amewapikia chai mara mbili, akishangaa leo wana nini hawaondoki.

Nilikuwa nataka kutoka niwatangazie watu, sijui ningeanza vipi, ndipo bodaboda iliposimama nje na kadhi akateremka, na mkoba wake wa kusafiria.

Sijawahi kusikia ua wenye watu arobaini ukinyamaza namna ile. Akatoa salamu. Zilirudi sauti mbili au tatu, nyembamba. Akakaa kwenye kiti nilichokuwa nimekalia mimi. Alisema amepita karibu na makaburi akakuta vijana wanachimba, akashuka awaulize kaburi ni la nani, wakatupa majembe na kukimbia, naye kwa kuwa amehukumu kesi nyingi akahisi kwamba jambo hili linamhusu. Dereva wa bodaboda ndiye aliyempa zilizobaki.

"Katibu," akaniambia, "nisomee nilivyokufa."

Nikausoma mbele ya watu wote. Nilipofika "kila kitu kitakuwa tayari" nikaisoma haraka haraka. Alipouliza nilikusudia nini, nikamwambia, na nikaona uso wake unafanya kazi kubwa kujizuia.

"Na huyu mtoto kazi yake inatakiwa saa ngapi?"

Mwanakombo ndiye aliyejibu. "Saa kumi, babu."

"Sasa ni saa nane na dakika ishirini. Na mmemkalisha fundi kwenye matanga." Akawageukia watu. Wengine walikuwa wameanza kusogea langoni, kwa haya. "Kaeni. Wali wa Bi Mishi usitupwe. Na dua mliyonijia nayo msirudi nayo nyumbani. Ombeni hiyo hiyo, badilisheni jina tu."

Basi nikaingia ndani. Nilipachika kadi ile ya mtumba huku nje watu arobaini wameinua mikono, na minong'ono yao ikipita dirishani pamoja na harufu ya iliki, na vidole vyangu vilitulia. Skrubu ya kwanza, ya pili, ya nane. Feni ikaamka. Kioo kikawa cheusi muda mrefu, kisha kikawa cha buluu, bila mchirizi. Mwanakombo akakaa. Saa tisa kasoro dakika tano picha ikaanza kujijenga, ukuta baada ya ukuta, na kadhi akaja akasimama nyuma yetu akiwa na sahani mkononi, akaitazama nyumba isiyokuwako ikifunguka mlango, na pazia lake likipeperuka. Akauliza mtu wa nyumba hiyo ataswali wapi. Mwanakombo akamwonyesha chumba cha kaskazini, chenye dirisha refu.

"Mwanga mzuri," akasema kadhi, na akaendelea kula.

Kazi iliondoka saa kumi kasoro dakika tatu. Walimwita, na sasa yuko Diani, hapigi pasi mashuka ya mtu.

Nami nimeapa sitaisemesha simu tena maisha yangu. Naandika kwa kidole kimoja, kilichooshwa, na kila ujumbe wa kamati mke wangu huusoma kabla haujatoka. Haisaidii sana. Mwezi uliopita nilitoa tanzia ya mzee mmoja wa Msambweni, kwa jina lake kamili na "amefariki dunia" yangu mahali pake, na kabla ya mtu yeyote kunijibu pole, watu kumi na mmoja walikuwa wameshampigia marehemu.