Kovu la Korosho Begani mwa Binti Yangu

Binti yangu wa mwisho hajachanjwa ndui! Lile kovu la begani, nililojisifia kisimani mbele ya wanawake wenzangu, ni la korosho.

Sasa ndiyo niwasalimu, wasomaji wenzangu. Hamjambo, na wakubwa shikamooni. Namshukuru mhariri kwa kunifichia jina. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Kwamndolwa, Korogwe, nikaolewa Handeni, na sasa tumehamia kijiji cha ujamaa. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini watoto wangu, siwadanganyi, hapa kwetu hakuna wa kuwafikia. Wana afya, wana adabu, wakipita watu wanauliza hawa ni wa nani. Kaka za huyu binti wote niliwapeleka mwenyewe kuchanjwa, na mimi nikanyoosha mkono pamoja nao, maana mama akilazwa na ndui nani atawapikia?

Mwaka huu mama yangu aliugua, nikaenda Kwamndolwa kumuuguza. Huyu mdogo, wa miaka minne, nikamwacha kwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Nikiwa huko, bwana afya akapita kijijini kuchanja. Niliporudi nikakuta bega la mtoto lina kidonda kinachovuja usaha, kinanuka, nzi wamekizunguka. Wifi akasema chanjo ya safari hii ni kali. Nikaamini, nikawa nakiosha kwa maji ya chumvi, huku nikijigamba kwamba hata nisipokuwepo watoto wangu wanachanjwa.

Kidonda kikapona. Lakini makovu ya kaka zake yamebonyea. Hili lilikuwa jeusi, linateleza kama ngozi iliyoungua. Siku moja namwogesha, nikamuuliza bwana afya alimchanja kwa kitu gani.

"Si bwana afya, mama. Shangazi alinipaka korosho. Nikalia, akanishika miguu."

Nikamfuata wifi shambani. Wala hakukana. Akanieleza kama anayefundisha mapishi, kwamba ganda la korosho bichi lina mafuta yanayounguza ngozi, na bwana afya akiona bega lina kovu anapita. Eti mtoto akichanjwa kweli anapata homa, mama anabaki naye nyumbani, anakosa shamba la kijiji, kisha anasemwa mkutanoni.

"Wifi, nimekusaidia wewe," akasema. "Wenzako wananishukuru."

Alikuwa anatafuna muhogo, na vidole vyake vyeusi kwa mafuta yale yale. Nikageuza uso. Wenzangu wanamshukuru, maana yake amewaunguza watoto wengine, na mama zao wanajua.

Nikampelekea habari mume wangu. Yeye ni mjumbe wa kamati, ndiye anayesimama mkutanoni kuhimiza watu wachanjwe, mkubwa kwa mdogo. Akaniomba nisimwaibishe dada yake. Hapo nikamtazama bega. Ana kovu jeusi, linateleza, ambalo siku zote aliniambia ni la moto wa utotoni. Nikamuuliza kama nalo ni la korosho.

"Naogopa kuchomwa, mama watoto," akasema.

Mtu mzima, ana ndevu. Tangu siku hiyo nikimsikia anahubiri chanjo natamani kutema mate.

Na ndui haiko mbali. Tumesikia imeonekana huko kwenye kambi za mkonge, na vijana wa hapa huenda huko kufanya kazi na kurudi. Bwana afya atadanganyika kwa korosho, ugonjwa hautadanganyika.

Binti yangu atachanjwa, hilo siwaulizi. Ninalouliza ni hawa wengine. Mume wangu amesema nikifungua mdomo kijijini nifunge mizigo nirudi Kwamndolwa. Nikinyamaza, wale watoto waliounguzwa wataendelea kuonekana wamechanjwa, na ndio wanaocheza uani kwangu, wanakula kwangu, wananiita mama. Sitaki kuacha nyumba yangu, na sitaki kumzika mtoto wa jirani huku najua.

Nyinyi mliokaa katika ndoa muda mrefu kuliko mimi, niseme mbele ya watu au nimpeleke wangu kimyakimya? Nijibuni mapema. Bwana afya anarudi Jumamosi ya kwanza baada ya Idi, mbele ya ghala la kijiji, na kila mtu, mkubwa kwa mdogo, anatakiwa kufika, bega wazi.