Usimwambie Apunguze Mwendo

Naikumbuka siku ile ya mjini Sur, mwanangu Maryam, kuliko ninavyoikumbuka harusi yangu mwenyewe. Lakini kwanza kaa kitako, na hiyo simu iweke kando. Najua umekuja na hasira, na mimi sikukuita kukugombeza. Nimekuita kwa sababu kaka yako anapanga nguo zake ahamie Maskati, na amesema hapa Ibra hatakuja tena ila kuzuru kaburi la mama yenu.

Wewe unaona ana roho ngumu. Nakuelewa. Asya alikuwa mama yako, na alikuwa binti yangu. Mimi nilimzaa, na mimi nikamtia maji ya mwisho mdomoni. Kaka yako Haitham alikuwa masomoni Amerika. Sisi hatuchelewi kuzika, na ndege hazimngojei mtu. Alifika nyumbani mama yake yuko chini ya ardhi, majirani wameshatoa pole na wameshakwenda zao. Hakulia. Akafungua mzigo wake, akatoa lile banjo, ambalo mimi naliona kama gambusi lililowambwa ngozi ya ngoma, akakaa chumba cha nje akaanza kulipiga. Mbio, na sauti juu, na kila baada ya alasiri. Ukamwendea ukamwambia, "Kaburi la mama halijakauka, na wewe unatupigia harusi!" Ukamnyang'anya, ukaniletea mimi nilifungie kabatini. Nikalifungia, maana siku ile sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu.

Sasa nisikilize.

Mimi nilipokuja Oman nilikuwa mke mpya, msichana wa Pemba. Kahawa yenyewe sikujua kuimimina. Nilikuwa najaza kikombe mpaka juu, na wanawake wanacheka ndani ya mitandio yao, kwa sababu hapa kikombe kikijaa mgeni huona unamfukuza. Mama yangu nilimwacha kule. Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka mlangoni tu, akasema miguu inamuuma. Haikuwa ikimuuma. Habari ya kifo chake niliipata kwa msafiri, mara tu baada ya salamu, nami nimeshika sinia ya halwa. Niliiweka sinia chini vizuri, nikawakaribisha wageni. Kilio hakikuja, si siku ile wala baada yake, na wifi yangu Rayya akalitia hilo moyoni.

Mwaka ulikuwa umepita tulipokwenda Sur kwenye harusi ya watu wa mume wangu. Wanawake wakanishika: tuimbie, wewe Mpemba, tuimbie ya kwenu. Kilichonijia kilikuwa wimbo wa mama, aliokuwa akiuimba anaposukwa nywele. Ni wimbo wa msichana anayemuuliza mama yake: *Nani atakusuka, mama, nami nimeolewa mbali?* Maneno ndiyo hayo, lakini kwetu huimbwa mbio, sauti juu, ngoma inafukuzana na makofi. Ukiusikia bila kujua Kiswahili utainuka ucheze. Na wao waliinuka wakacheza, kwani wengi walizaliwa huku na maneno hawakuyajua.

Rayya hakucheza. Alimwambia jirani yake kwa Kiarabu, na mimi nasikia, "Mwangalie. Mamake kafa, na yeye anaruka na kuimba." Kisha akawageukia wapiga ngoma, "Shwayya, shwayya! Punguzeni, aimbe kwa adabu."

Wakapunguza. Nikaimba taratibu kama alivyotaka. Yarabi! Nilipofika kwenye *nani atakusuka* nikakiona kichwa cha mama, mvi zake pale katikati nilipokuwa napasua njia ya kitana, na shingo yake iliyokuwa ikilala upande usingizi unapomchukua. Nikakaa chini palepale, mbele ya bibi harusi na mapambo yake, nikalia kilio cha mtu aliyefiwa asubuhi ile. Ngoma zikasimama. Aibu niliyoiona, mwanangu, sijui niifananishe na nini.

Aliyeinuka alikuwa Bi Zuwena, shangazi yake mume wangu, mtu mzima aliyekulia Pemba, aliyekuwa hasemi mpaka achokozwe. Alinifuta uso kwa kanga yake mwenyewe. Kisha akamgeukia Rayya.

"We Rayya, ukiepua sufuria ya moto kwa mikono mitupu, utakwenda nayo shwayya shwayya?"

Rayya akasema, "La, shangazi."

"Utakimbia ukaitue. Basi na huyu mwache akatue."

Akaichukua ngoma, akaipiga kwa mwendo ule ule wa Pemba, mbio kabisa, akaniangalia. Nikaimba nimekaa pale pale chini, machozi yanatoka na sauti iko juu, mpaka mwisho. Wimbo ulipokwisha nikajua kwamba mama amekufa. Mwaka mzima nilikuwa sijajua.

Jana alasiri nilikwenda chumba cha nje. Nilimkuta Haitham anakunja mashati, vidole vyake vinagongagonga juu ya sanduku. Nikamuuliza ule wimbo wake unasema nini. Akanambia ni wa watu wa milimani kule Amerika, mtindo wao unaitwa bluegrass. Mtu amerudi kwao kutoka mbali, amekuta nyumba imefungwa, mama yake ameshazikwa. Nikasema, mbona basi mbio namna ile? Akasema ndivyo walivyoutunga: mwendo wa haraka, sauti ya juu, na hata ufunguo wake, yaani mpango wa sauti zake, ni ule wa nyimbo za furaha, maneno tu ndiyo ya msiba. Nikamwambia, "Ungepiga taratibu, dada yako angekuelewa."

Akainama kwenye sanduku lake. "Nimejaribu, Bibi. Nikipunguza, sifiki mwisho."

Nilimshika kichwa tu, kama nilivyokuwa nikimshika mama yake.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, na wala haina maneno mengi. Usipime huzuni ya mtu kwa mwendo wa wimbo wake. Wewe unalia kwa machozi, na hayo ni haki yako. Yeye analia kwa vidole. Mama ni mmoja, na kati yenu hakuna aliyempenda zaidi. Usimwambie apunguze. Kaa karibu naye, na akimaliza usiseme kitu, maana pengine atauanza tena.

Ufunguo wa kabati uko chini ya mto wangu. Litoe banjo umpelekee wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Mungu amlaze Asya pema, akutulize moyo wako, na akupeni umri mrefu wewe na ndugu yako, mzeeke mkisikilizana. Nenda, mwanangu. Nimesikia sanduku linafungwa.