Angalizo la Tatu

Mwaka ule masika yalichelewa kuanza, kisha mvua zikaja kwa pupa. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya maafa ya mtaa wetu, Katindiuka. Cheo sikukiomba. Mkutanoni walitaka mtu mwenye simu nzuri na mwandiko unaosomeka, na mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, kwa hiyo sikuwa na pa kujificha. Angalizo la hali ya hewa likiingia kwenye kundi letu la WhatsApp, nilitakiwa kulitangaza kwa kipaza sauti na kuhakikisha watu wenye mashamba bondeni wamesikia.

Mtu wa bondeni aliyenishinda alikuwa mama yangu mzazi.

Mama alikuwa amevuka miaka sabini. Mpunga ukianza kutoa masuke, huwa anahama nyumbani kwangu na kwenda kuishi kwenye dungu, kibanda kinachojengwa juu ya nguzo katikati ya shamba. Shamba lake liko ng'ambo ya mto, ukivuka daraja la Kivukoni. Huko anafukuza ndege tangu alfajiri mpaka jua linapozama, anapika chini ya dungu, anasali rozari, na ukimpigia simu anakuambia usimmalizie chaji.

Angalizo la kwanza lilisema mvua kubwa itanyesha katika baadhi ya maeneo ya mkoa wa Morogoro. Mkoa wetu unaanzia Gairo kwenye vumbi na kuishia Malinyi kwenye matope. Ni maeneo yapi hasa, hakuna aliyesema. Nilipouliza kwenye kundi, nilijibiwa na picha ya mikono miwili ya kuomba dua. Nikatangaza, nikapanda bodaboda, nikamleta mama mjini. Siku tatu tukaanika nguo na zikakauka. Ndege nao hawakuwa na habari za angalizo. Walishuka shambani wakala pembe nzima. Mama aliporudi kutoka kuangalia hakugomba. Aliweka shada la masuke matupu juu ya meza yangu ya chakula.

"Mvua yako hiyo," alisema.

La pili lilikuja baada ya wiki mbili. Alikubali kuja huku amenuna, na yakadondoka manyunyu ya kulowesha kanga. Jumapili, nje ya kanisa, wanawake wawili wakaniuliza kama ningewapangia na siku ya jua.

La tatu halikuwa angalizo tu, lilikuwa tahadhari, ngazi ya juu yake, yenye rangi ya chungwa. Ilikuwa siku ya likizo, mbingu safi. Saa tatu asubuhi nilikuwa nimesimama chini ya dungu, viatu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja na mvua, au umekuja peke yako?"

Nilimweleza taratibu, kama ninavyowaeleza watoto darasani. Si lazima mvua inyeshe hapa. Inanyesha milimani, mito inajaa, maji yanatufuata sisi huku jua linawaka. Alinisikiliza huku akitikisa kamba yenye makopo ya kufukuzia ndege. Kisha akasema mto huu amezaliwa nao, na ukitaka kuja huwa anauona. Nikamkumbusha macho yake yana mtoto wa jicho. Hilo halikumpendeza. Tukabishana hadi sauti yangu ikapanda, nikamwambia neno ambalo mpaka leo naona aibu kulirudia: kwamba akifa huko, mimi sitakuja kumtafuta.

"Sawa," alisema. "Nitakuwa nimekufa, sitajua kama umekuja."

Nikakaa kwenye kidato cha chini cha ngazi, nikalia kwa hasira.

Nilikuwa bado nafuta uso alipotokea jirani yake, mfugaji wa Kisukuma, akiswaga ng'ombe juu ya tuta. Yeye na mama walikuwa hawaelewani. Misimu miwili nyuma ng'ombe wake waliingia kwenye mpunga wa mama, na tangu hapo ilikuwa salamu tu, tena ya mbali. Siku ile alisimama.

"Shikamoo mama. Ndugu yangu aliyeko Mngeta, huko juu, amenipigia simu. Anasema mto wa kule umebadilika rangi, unashuka na migomba iliyong'oka na mizizi yake yote. Mimi nawapandisha ng'ombe."

"Ameona saa ngapi?" mama akauliza.

"Asubuhi hii."

Mama aliinuka. Alikunja mkeka, akamwaga uji uliokuwa jikoni, akaanza kufunga kuku miguu.

"Mama, si ndicho ninachokuambia tangu nimefika?"

"Wewe umeniambia baadhi ya maeneo," alijibu bila kugeuka. "Yeye ameniambia migomba."

Mfugaji alimbebea mkeka na sufuria mpaka barabarani. Mimi nilibeba kuku.

Jioni ile mama alitazama chumba changu, akaona boksi la madaftari ya wanafunzi na godoro la wageni viko sakafuni. "Pandisha vitu vyako," alisema. Nilimjibu kwamba hapa ni mjini, bonde liko kule alikotoka. Nilikuwa nimechoka, tena nilikuwa sitaki kufundishwa kazi yangu.

Kesho yake, mchana, maji yalifunika shamba la mama na mashamba yote ya upande ule. Watu wengi walikuwa wameshatoka. Wengine walitolewa kwa mitumbwi, namshukuru Mungu wakiwa hai. Nilikuwa shuleni, walikopokelewa waliokimbia makazi, naandika majina yao, nilipoambiwa kijito cha nyuma ya mtaa wetu nacho kimefurika. Nilifika kwangu maji yakiwa magotini. Mama alikuwa amekaa juu ya meza pamoja na kuku wake. Godoro alikuwa ameliwahi. Boksi lilimshinda uzito, na madaftari arobaini na kitu yalikuwa yamevimba kama mikate.

Maji yalipopungua, dungu halikuwepo hata nguzo. Tulivuna kipande cha juu tu, tope likitufika kwenye vigimbi vya miguu. Kwenye kikao cha kamati nilipendekeza tuchukue namba za watu wanaoishi upande wa juu wa mto, watuambie wanachokiona kwa macho. Mwenyekiti alisema wazo ni zuri lakini fomu haina sehemu ya kuliandika. Nilimwomba mfugaji namba ya yule ndugu yake wa Mngeta, na sasa kila masika nampigia mwenyewe, kwa vocha yangu.

Mama amejenga dungu jingine, pale pale. Nguzo alizileta yule mfugaji kwa mkokoteni wa ng'ombe. Nilimsihi mama alisogeze angalau karibu na tuta, akaniambia nikimaliza kusema niende dukani, misumari imepungua. Nikaenda, huku nimenuna.